Kitanda cha Gaudensi

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani ya juzi ambayo bado ina watu walioiona, palikuwa na kambi ya wakata miwa iliyoitwa Mibono.

Watu wa Mibono hawakuwa wenyeji wa pale. Walikuja mvua zilipokata, wakaondoka mvua ziliporudi. Wengine walitoka Mbinga, wengine Sumbawanga, wengine Kasulu, wengine Tunduru. Walikuja na mapanga yao, masufuria yao na watoto wao. Na watoto wale, watokako kokote, shida yao ilikuwa moja. Shule ya kwao waliiacha katikati ya mwaka, na shule ya shambani waliikuta katikati ya mwaka. Wakirudi kwao, wenzao wamesonga mbele. Wakija tena shambani, wenzao wamesonga mbele. Mtoto anarefuka, kaptula inakuwa fupi, darasa ni lile lile.

Katika kambi hiyo alikuwapo mwanamke aliyeitwa Mama Gaudensi, mtu wa Mbinga, mpishi wa wakata miwa. Mume alikwisha kufa zamani. Gaudensi alikuwa mwanawe wa pekee, na sasa Gaudensi naye hakuwapo. Watu waliendelea kumwita mama yake kwa jina lile, kwa sababu hawakuwa na jina jingine la kumwita, naye aliendelea kuitika.

Ilikuwa hivi. Parokia ya pale ilikuwa na bweni karibu na shule ya msingi, na katika bweni hilo kila kambi ilipewa kitanda kimoja. Mtoto atakayelala hapo hasomi kwa msimu. Anasoma mwaka mzima, wazazi wawepo au wasiwepo, mpaka amalize darasa la saba. Ada haikuwapo. Lakini mtoto alitakiwa aje na vitu vyake: godoro, shuka mbili, blanketi na sanduku la bati. Ndivyo watoto wengi wa kambi walivyokwama, maana kambini watu walilalia viroba vilivyojazwa majani makavu ya miwa. Mama Gaudensi aliuza kahawa yake yote ya mwaka ule, akanunua vitu hivyo, Gaudensi akaingia bwenini. Mwezi wa pili homa ikampata. Habari zilipofika Mbinga mama akapanda basi, akafika, akakuta kaburi limeshafukiwa, udongo bado mbichi.

Sista Redempta, mlezi wa bweni, alimkabidhi sanduku na godoro. Mama Gaudensi akamwambia, "Viweke stoo, Sista. Sina pa kuvipeleka."

Msimu uliofuata alirudi Mibono kama wengine. Wakamuuliza, "Umerudi kufanya nini, mama, na mwenyewe umebaki peke yako?"

Akajibu, "Nani atamfagilia?" Na kila Jumapili baada ya misa alikwenda nyuma ya kanisa na ufagio wake, akafagia, akasali, akarudi jikoni kuinjika ugali.

Basi, mwaka huo huo shule zikafungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Mwalimu Hosea, kijana wa shule ile, hakwenda kwao. Aliomba ufunguo wa darasa moja, akaja kambini, akapita kibanda kwa kibanda akisema, "Darasa ni tupu na mimi nipo. Nipeni watoto asubuhi tu, mchana nawarudishia. Kile walichokosa mwaka mzima tutakifukuzia hivi hivi kidogo kidogo."

Watu wakacheka. Mkata miwa mmoja wa Kasulu akamwambia, "Mwalimu, wenzako likizo wanapumzika. Wewe huna mchumba?"

Mwalimu akasema, "Mchumba ninaye. Naye ni mwalimu, anafundisha kambi ya pili."

Hapo wakamwamini, na watoto wakaenda. Kila asubuhi Mwalimu aliita majina, jina moja moja, na kila mtoto akajibu, "Nipo." Alisema kwamba mtoto wa kuhamahama azoee kwanza kusema yupo. Vitabu havikutosha, kwa hiyo siku nyingine aliwatoa nje, wakatembea barabara za shambani wakisoma namba zilizopakwa rangi nyeupe kwenye vigingi vya vitalu. Hii ngapi? Kumi na mbili. Hii je? Kumi na tatu. Mama Gaudensi aliwaona wakipita, akageuza uso kwenye moshi wa jiko.

Sasa, kati ya watoto wale walikuwamo watatu ambao hadithi hii inawahusu.

Wa kwanza ni Edina, binti wa Mzee Kalolo wa Sumbawanga. Msichana mrefu, mwepesi wa kushika. Alichofundishwa asubuhi jioni anamfundisha mdogo wake Maiko, wa miaka mitatu, ambaye alikuwa anataka kulala tu.

Wa pili ni Bosko wa Kasulu. Mama yake alikufa, baba yake hajulikani alipo, akawa anazunguka na mjomba wake kutoka shamba hili mpaka shamba lile. Hakuwahi kumaliza mwaka mmoja katika darasa lolote. Alikwenda kwa Mwalimu Hosea wiki moja, kisha mjomba akamwambia mstari wa miwa umemshinda peke yake, Bosko akashika panga.

Wa tatu ni Zituni, binti wa mama mmoja wa Tunduru. Alikuwa mdogo kuliko Edina na mfupi kuliko Bosko, kazi yake ilikuwa kulea watoto wa wenzake wakiwa shambani. Katika kusoma hakuwa mwepesi. Lakini alipenda ile kuita majina. Jioni aliwapanga watoto wadogo nyuma ya jiko, akawaita kama Mwalimu, na asiyejibu alimpiga kidole sikioni.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa maana hapa ndipo watu walipokosea.

Kampuni ilikataza watoto kufanya kazi shambani. Familia itakayokutwa na mtoto kwenye mstari inarudishwa kwao siku hiyo hiyo. Kila mtu alilijua hilo, na kila mtu mwenye mtoto mkubwa alikuwa na hofu yake.

Jioni moja mnyapara alisimama mbele ya vibanda akatangaza, "Kesho kuna wageni wanakuja kuangalia watoto. Na saa kumi tunachoma kumi na saba." Akaenda zake.

Neno la kwanza watu walilichukua, la pili wakaliacha. Kumi na saba ilikuwa lugha ya ofisini. Wakata miwa hawakuwa na namba za vitalu, walikuwa na majina yao wenyewe: Kwa Nyuki, Kwa Mfereji, Kwa Trekta Bovu. Kitalu huchomwa jioni ili majani yateketee na nyoka wakimbie, na kesho yake wakataji wanafuata masizi. Hakuna aliyehitaji namba ili ayaone masizi.

Ila lile neno la wageni liliwakosesha raha. "Kuangalia watoto," alisema Mzee Kalolo. "Wanaangalia watoto ili iweje? Ni wakaguzi hao."

"Mwanangu kesho haendi shule wala haonekani," alisema mama yake Zituni.

Asubuhi wakawakusanya watoto wote wa kambi wakawaficha Kwa Mfereji, katikati ya miwa mirefu, mahali penye kivuli na maji karibu. Mama Gaudensi mwenyewe alimbeba Maiko mgongoni mpaka humo. Wakamwambia Zituni, "Wewe ndiye mkubwa wao. Msitoke. Mkisikia mtu anaita, nyamazeni. Msitoke mpaka tuje wenyewe." Edina hakufichwa, kwa sababu akifungwa kitambaa kichwani na kitenge kiunoni alionekana mama mzima. Bosko naye alishaota kifua, akaachwa kwenye mstari wake na panga lake.

Mwalimu Hosea akakaa katika darasa tupu siku nzima. Aliita majina, hakuna aliyejibu.

Saa kumi na dakika chache, Mama Gaudensi na Edina walikuwa wanarudisha masufuria kutoka shambani, wakapita barabara ya Kwa Mfereji. Honi ya kutahadharisha moto ilikuwa imeshalia muda kidogo. Mlinzi alikuwa amekwisha kuzunguka kitalu akipaza sauti kwamba aliye ndani atoke. Nao watoto huko ndani walisikia, wakainama zaidi, maana ndivyo walivyoagizwa. Mama Gaudensi alihisi harufu ya moshi, lakini harufu ya moshi pale ilikuwa ya kila siku.

Edina akasimama mbele ya kigingi. Akashusha sufuria.

"Mama," akasema, "hapa ndipo kumi na saba."

"Kumi na saba gani?"

"Ile ya mnyapara. Kwa Mfereji ndiyo kumi na saba. Wanapachoma sasa hivi."

Mama Gaudensi alikitazama kigingi. Alikuwa amekipita misimu yote ile na hakuwahi kukitazama. Kisha akatazama juu, akaona upande wa kusini, kule upepo unakotoka, moshi mweusi umesimama kama ukuta. Edina alikuwa tayari anapiga kelele kuelekea kwenye mstari wa wakataji, na wa kwanza kusikia alikuwa Bosko.

Sasa, wachomaji wana utaratibu wao. Huwasha upande mmoja, halafu hukimbilia upande wa pili nao wakauwasha, mioto ikutane katikati. Upande wa kusini ulikuwa umeshawashwa. Wachomaji watatu walikuwa wanatembea na makopo yao ya mafuta yenye utambi unaowaka, wakielekea upande wa mfereji. Upande huo ukiwashwa, aliye ndani hana njia.

Bosko alitupa panga, akakimbia. Aliwafikia mmoja wao ameshainamisha kopo. Akasema, "Mna watoto humo ndani."

Mchomaji akasema, "Mlinzi ameshazunguka. Toka hapo."

"Watoto wamo."

"Toka, kijana, upepo utatugeukia."

Bosko akalipiga teke lile kopo likaangukia mfereji. Akala kofi. Wa pili akainua kopo lake, na Bosko akaenda akakaa chini, kwenye majani makavu, mahali pale pale palipokuwa pawashwe. Akawaambia, "Basi anzeni na mimi." Wakamshika miguu wamburute. Akaikumbatia miwa.

Wakati wanavutana, Mama Gaudensi alikuwa amefika, hana pumzi. Na wote wakasikia. Ndani ya moshi, sauti ya mtoto wa kike, si ya kulia, ilikuwa inaita majina.

"Agnela."

"Nipo."

"Saidi."

"Nipo."

"Perpetua."

"Nipo."

Mchomaji akaachia mguu wa Bosko.

Huko ndani ilikuwa hivi, kama watoto wenyewe walivyosimulia baadaye. Moshi ulipowafikia walitaka kutawanyika, kila mmoja kivyake, na mtoto akipotea kwenye miwa hata mtu mzima hamwoni. Zituni akawaambia washikane nguo, akatangulia, akafuata mtaro wa maji kwa sababu alijua mtaro unaishia mferejini. Na kwa kuwa hawakuonana, aliwaita. Kila hatua chache akaita wote tena, mmoja mmoja. Aliyejibu alijulikana yupo.

Wakaanza kutoka mmoja mmoja, weusi kwa masizi, wakikohoa. Zituni akasimama ukingoni akawaita mara ya mwisho.

"Maiko."

Kimya.

"Maiko."

Maiko alikuwa amelala. Mchana kutwa alilala mtaroni kichwa kwenye kandambili, akaamshwa akashikwa nguo, na karibu na ukingo, aliyemshika alipomwachia katika moshi, akajilaza tena. Watu wazima wakamshika Zituni, Mama Gaudensi naye akamshika. Lakini mtoto mdogo akitaka kuponyoka anaponyoka. Alirudi ndani. Walisubiri. Mama Gaudensi alishika rozari shingoni na hakuweza kukumbuka sala hata moja, akabaki anasema, "Mungu, Mungu," kama mtu anayebisha hodi.

Zituni alitoka na Maiko mgongoni. Maiko alikuwa analia kwa hasira ya kuamshwa. Mkono wa kulia wa Zituni, kuanzia kwenye kiwiko mpaka vidoleni, ulikuwa umeungua.

Muda si mrefu gari jeupe likaja na barabara, likasimama kwenye vumbi. Wakashuka wageni wawili na mapakiti ya daftari na penseli. Walikuwa wageni wa parokia. Wakauliza, "Tumeambiwa kuna watoto wanasoma likizo. Wako wapi?"

Mzee Kalolo alikaa chini barabarani, kofia mkononi.

Siku zikapita, likizo ikakaribia kwisha. Sista Redempta akaja jikoni kwa Mama Gaudensi, akakaa kwenye kigoda, akanywa chai. Kisha akasema, "Mama, shule inafunguliwa Jumatatu. Kitanda cha Mibono hakina mtu. Kambi nzima inasema apewe mmoja wa wale watatu, nami nakubali. Lakini hakuna hata mmoja mwenye godoro, na wewe unalo. Utakayempa vitu vya Gaudensi ndiye atakayelala. Ukisema hutoi, sitakulaumu, kitanda kitakwenda kambi nyingine."

Mama Gaudensi akauliza, "Na akiwa msichana? Kitanda kiko upande wa wavulana."

"Kitanda ni chuma, mama. Tutakibeba mpaka ng'ambo."

"Wawili hawawezi?"

"Kitanda kimoja, mtoto mmoja. Nikianza kuwalaza mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, kesho parokia nzima italala humo."

Mama Gaudensi hakulala vizuri siku zile. Hakuwa mtu wa maneno mengi mbele ya Mungu. Alisali kwa kifupi: asichague kwa macho. Kwa maana Bosko alikuwa na namna ya kusimama, uzito wote mguu mmoja, kama Gaudensi alivyosimama. Na Edina alisoma kwa kufuatisha kidole kama Gaudensi. Na Zituni hakufanana naye hata kidogo, na pengine hiyo nayo ilikuwa sababu. Jumamosi mchana alifua shuka zote mbili, akazianika juu ya majani, akakaa karibu nazo akizilinda na masizi.

Jumapili baada ya misa alifagia kaburi. Kisha akaenda jikoni kambini, na watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Sanduku na godoro vilikuwa chini, gari la Sista likingoja. Alimsalimu kila mtu. Akasema, "Semeni. Mimi nasikiliza."

Akasimama Mzee Kalolo. "Mama Gaudensi, mimi ni baba mwenye aibu, lakini nasema. Miwa yote hii tuliipita, sisi wenye ndevu, na hakuna aliyejua tumeficha watoto wapi. Edina alijua. Bila jicho lake, Bosko angekuwa bado anakata miwa na Zituni angekuwa bado ametii amri yetu huko ndani. Wa kwanza ni wa kwanza. Na ni nini kilichomsaidia? Ni shule. Basi mpe shule."

Mama yake Zituni akasema bila kusimama, "Baba Edina, huyo uliyempakata ni nani?"

Mzee Kalolo alikuwa amempakata Maiko. Akasema, "Ni Maiko."

"Kumbe yupo. Nilidhani aliletwa na namba."

Watu wakacheka, na Mzee Kalolo mwenyewe akacheka kidogo, akafuta macho. Mama yake Zituni akaendelea, "Kujua si kutoa. Aliyejua alibaki barabarani, aliyezuia alibaki barabarani. Mwanangu aliwatoa, akarudi tena. Tazameni mkono ule. Daktari amesema vidole viwili havitakunjuka. Hatashika panga huyu, hatashika jembe vizuri. Wenzake wakikosa shule wana mikono. Yeye akikosa ana nini?"

Mwalimu Hosea akaombwa aseme. Alikuna kichwa. "Mimi nawapenda wote. Lakini mkiniuliza kitanda kile kimewekwa kwa ajili gani, kimewekwa kwa kusoma. Edina akipewa miaka hii, atafika mbali. Zituni atahangaika. Bosko nilimfundisha wiki moja, akaondoka. Sijui kama atakaa."

"Aliondoka kwa sababu ya mjomba," akasema mtu.

"Najua. Na mjomba bado yupo."

Kila mtu akageuka kumtafuta mjomba. Hakuwapo. Alikuwa amesema Jumapili ni siku yake ya kupumzika.

Mama Gaudensi akasema, "Bosko, wewe husemewi na mtu. Jisemee."

Bosko alisimama, uzito wote mguu mmoja. Mama Gaudensi akatazama chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi sina la kusema sana. Edina alijua, kweli. Lakini wangewasha upande wa mfereji, kujua kungesaidia nini? Zituni aliwaongoza, kweli. Angewaongoza kwenda wapi? Njia waliyotokea ni ile niliyoikalia." Akafikiri. "Halafu kuna jambo jingine. Msimu ukiisha, Edina anarudi kwao. Zituni anarudi kwao. Wataanza shule ya huko, hata kama ni kwa kuchelewa. Mimi msimu ukiisha naenda palipo na kazi."

Mkata miwa mmoja akamtania, "Na kofi ulilokula, umelisahau?"

"Hilo simdai Mama Gaudensi," Bosko akasema. "Namdai aliyelipiga."

Wakacheka tena.

Mama Gaudensi akawageukia wale wasichana. "Nanyi?"

Edina akasema, "Maiko ni mdogo wangu. Zituni amenirudishia mdogo wangu. Sijui kumshindania kitu. Lakini nikisema sikitaki kile kitanda nitakuwa nimedanganya, na leo ni Jumapili."

Zituni akasema, "Mimi nataka kujua kusoma yale majina, si kuyaita tu." Akaficha mkono uliofungwa nyuma ya gauni.

Sista Redempta alitazama jua. Mama Gaudensi akainama akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na kaptula mbili, kikombe, kitabu cha sala na kiatu kimoja cha mpira. Akavitoa vile vya mtoto wake akavifunga kwenye khanga yake, kiatu, kaptula na kitabu, akaacha kikombe. Akachukua zile shuka alizofua, akazikunja upya, pembe kwa pembe, akazipapasa mikunjo kwa kiganja kama mtu aliyepata muda mwingi. Hakuna aliyemharakisha. Alifunga sanduku, akaliinua kwa mpini wake, akajitwika godoro kichwani. Akasema, "Kwa jina la Baba." Akaanza kutembea kuelekea pale watoto watatu waliposimama.

Edina alijua wapi. Bosko alizuia moto usikutane. Zituni aliita mpaka wa mwisho akajibu. Ukimtoa mmoja, wale wawili wasingeokoa mtu.

Nanyi mliokaa hapa mkasikia tangu mwanzo, mkaujua mguu wa Bosko na mkono wa Zituni na kidole cha Edina juu ya herufi: kitanda ni kimoja, mtoto ni mmoja, na shuka zimekwisha kukauka. Kama zingekuwa mikononi mwenu, je, mngemtandikia nani?